Mkono Uliogusa Mwisho

Hakuwa mtu wa kusalimia watu kwanza. Ukimletea gari, alikwenda moja kwa moja kwa gari, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mgonjwa akipumua, na wewe mwenye gari ukabaki umesimama na jambo yako mdomoni mpaka ikapoa. Ndipo akakujibu, kana kwamba umeisema sasa hivi:

"Jambo, baba. Zima. Nilishasikia."

Tulimwita Fundi. Pale Likasi, mji wetu wa Katanga, mafundi walikuwa wengi, wa kiwanda kule Shituru na wa magereji ya Wagiriki pale mjini, lakini ukisema Fundi tu, kila mtu alijua unamsema yule wa kofia nyeupe, mtu wa kutoka mashariki, mwenye kamioneti yake kuukuu, kagari ka mizigo, na kazi yake moja isiyo na ya pili: moto wa gari, yaani umeme wake. Injini ikigonga au gia ikikataa kuingia, alikuelekeza kwa wengine kwa dharau, kama daktari anayeombwa anyoe nywele. Yeye alipenda gari linalowaka asubuhi na kukataa mchana. Gari linalokula batri. Hilo likifika, uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeletewa mgeni.

Mimi nilikuwa jirani yake. Kati ya ua wangu na wake palikuwa na safu ya majani ambayo hakuna aliyeikata, kila mmoja akimwachia mwenzake kwa heshima. Nilikuwa komi, yaani karani, wa ofisi ya mizigo stesheni, nimesoma sekondari kwa mapadre, kiasi cha kuandika barua ndefu kwa Kifaransa bila kosa na kutojua kupigilia msumari. Kitu nilichokipenda duniani kilikuwa kiti changu cha kamba pale barazani. Mke wangu Georgette alikuwa akiwaambia wageni kwamba alipoolewa alikuta kiti kile kimeshaolewa mbele yake, yeye ni bibi wa pili. Kwa hiyo yote ninayoyajua juu ya dinamo niliyajua nikiwa nimekaa, nikichungulia juu ya majani, nikimchokoza mtu aliyekuwa akifanya kazi. Fundi aliniita Komi, na akilitamka vizuri, lilisikika kama jina la ugonjwa.

"Komi, kiti yako haiyavunjika?"

"Bado, Fundi."

"Ikivunjika ulete. Nitaifungia magurudumu, utaenda nayo ku kazi."

Mambo ya moto wa gari alikuwa akiyaeleza kwa chakula. Batri, alisema, ni gunia la unga. Dinamo ndiyo shamba: injini inaizungusha, inazaa moto, inaujaza gunia. "Muntu anaweza kula mu gunia pasipo kulima," alisema, "lakini gunia iko na chini." Ile taa nyekundu ndogo mbele ya dereva ni mama wa nyumba: ikizimika wakati injini inazunguka, shamba linatoa, ikibaki inawaka, jua kwamba mnakula akiba, na mtafika chini ya gunia mkiwa porini.

Alikuwa na utaratibu, na hakuuvunja hata kwa mzungu. Kabla ya kugusa chochote, alikutaka useme. Siyo useme gari lina nini, hilo alilikataa kwa mkono. Useme maisha yake: ilianza lini, mvua ilikuwa inanyesha, ulikuwa unapanda au unashuka, taa ziliwaka namna gani. Ukimaliza, ndipo lilipokuja swali lake moja, lile ambalo watoto wa mtaa walilifanya mchezo:

"Na nani aligusa wa mwisho?"

Kwa maana alikuwa na imani kwamba kitu hakiharibiki ovyo. Karibu kila ugonjwa wa moto wa gari, alisema, unalala pale mkono wa mwisho ulipopita: mtu amebadilisha mkanda akasahau kuukaza, mwingine amesafisha batri akafunga waya kwa kulegea. "Gari haina shetani," alisema. "Iko na nyuzi na iko na mikono ya bantu."

Siku moja padre wetu alileta gari la misioni, likiwa limesukumwa na nusu ya wanakwaya. Padre alikuwa mtu mzito wa mwili na mwepesi wa hasira. Alisema gari halichaji, atazame dinamo haraka, ana misa Kambove. Fundi akavuta kibao, akakaa, akamwonyesha padre sanduku tupu la sabuni.

"Kaa, mon père. Kila juma ni weye unasikia zambi za bantu. Leo minye njo nitasikia, weye utasema."

Wanakwaya walitazama chini wasicheke. Padre alikaa. Mwanzo alisema hakuna aliyegusa. Fundi akachokonoa kucha. Mwisho padre akasema, kwa sauti ndogo kidogo, kwamba pengine, Jumatatu, yeye mwenyewe, kwa nia njema, alikaza kitu fulani pale kwa dinamo kwa sababu kilikuwa kinapiga kelele.

"Ulikaza au ulivunja?"

"Nilikaza... na kikavunjika kidogo."

"Basi," akasema Fundi, akainuka na kuelekea pale pale bila kutafuta. "Ondoka na amani."

Na baada ya kutengeneza alikuwa na desturi nyingine, ambayo sikuiona kwa fundi yeyote tena. Alifunga boneti, akafuta kiganja kwenye suruali, akakiweka juu ya bati, akasema wazi ili wote wasikie: "Sasa ni minye niligusa wa mwisho." Ukimuuliza kikiharibika je, alijibu, "Mulete kwangu." Ilikuwa hivyo tu. Lakini niliwaona watu wazima wakitoka pale wamelegea mabega, kama waliotuliwa mzigo. Dereva wa lori ambaye tajiri wake alikuwa akimtukana asubuhi yote juu ya batri iliyokufa, alikuwa huru tangu kiganja kile kilipogusa bati. Kosa limehama. Limekwenda kukaa kwa mtu anayeweza kulibeba.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na majivuno ya kumtosha gavana. Alisali kila kipindi chake bila kukosa, na baina ya sala na sala aliyatukana magari kwa lugha tatu, na ile ya Kifaransa ilikuwa chafu kupita zote kwa sababu hakujua maneno yale yana uzito gani. Aliwakataza wateja kuweka batri juu ya sima, ile saruji ya sakafu, ati sima inanyonya moto, ziwekwe juu ya ubao. Nami nilimwambia kwamba shuleni hatukufundishwa hivyo. Akaniuliza shuleni walinifundisha kuinuka kwa kiti lini. Alikuwa mkali kwa kila mtu, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja tulimwita Mama Fundi. Mtoto hawakuwa naye. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, na yeye peke yake aliruhusiwa kumkatiza Fundi akiwa anasikiliza injini. Alikuwa anajua sauti ya kamioneti yao kutoka mbali. Tukiwa tumekaa, yeye na Georgette wakichambua maharagwe, aliinuka ghafla, akafuta mikono, akasema, "Njo ule anapanda," akaenda kuweka motoni maji ya bukari, ugali wetu. Sisi hatukusikia kitu. Unga ulipokuwa unaanza kuiva, ndipo kamioneti ilipojitokeza kwenye kona, nyekundu ya damu ya mzee, imepauka, bati moja limekunjika.

"Unasikiaje, mama?" nilimuuliza.

"Ile gari inakohoa kama bwana yangu," alisema. "Nitakosa kuisikia je?"

Mama Fundi alisafiri kwenda kwao, mbali kule kaskazini, kumzika mama yake. Alikuwa bado huko kwao wakati Katanga ilipojitenga na Kongo. Sitaandika siasa hapa. Waliozijua wameziandika, na waliozitenda wamezisahau. Kwetu sisi kujitenga kulikuwa kwamba mtu aliyekwenda matanga hakuweza kurudi. Katikati palikuwa na askari wa aina nyingi kuliko tulivyojua kuwatambua, madaraja yalivunjwa, na treni zilizokuwa zikifika kwa saa zilianza kufika kwa bahati, kisha zikaacha. Ofisini kwangu nilikuwa nasimamia mizigo isiyokuja. Kazi ile ilinifaa kwa tabia, lakini kila asubuhi nilitoka kutazama reli tupu.

Vipuri navyo vilikwisha. Fundi alikuwa akivunja pili, yaani betri ndogo za tochi, zilizokufa, akitoa ule mkaa wa katikati, akausugua kwenye jiwe mpaka ukawa umbo la sharbo, yale makaa madogo yanayopapasa ndani ya dinamo na kuutoa moto nje. Mji mzima ulimletea pili. Nilimpelekea hata za redio yangu, na hiyo mjue ni sadaka.

Katika kungoja kule, mtu hutafuta la kufanya na mikono. Yeye alipaka gari rangi. Sijui kopo lile la kijani alilipata wapi. Alifungua kila kitu kinachofunguka, akapaka kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, akafunga tena. Kijani cha majani machanga. Nilimwambia inafanana na panzi.

"Komi, hii si yako. Ni ya mama. Atarudi, atakuta gari mupya, atasema bwana yangu hakulala."

Halafu neno likaja, na lilipitia kwangu. Simu za reli zilikuwa bado zinafanya kazi siku zilipotaka. Mwenzangu wa stesheni ya Tenke alituma kwamba mke wa fundi wa dinamo wa Likasi yupo pale, kwake. Alikuwa ameshuka kidogo kidogo kutoka kaskazini, kwa lori, kwa mtumbwi, kwa miguu, na amefika Tenke na homa, hawezi kwenda mbele. Treni hakuna. Daktari hakuna. Mtu aje amchukue, upesi.

Nilitoka ofisini nikikimbia. Wanaonijua walifungua milango kutazama.

Fundi alisikiliza amesimama. Aliingia ndani ya kamioneti akawasha, na taa nyekundu ikawaka, kama inavyopasa. Injini ikanguruma. Taa haikuzimika. Akakanyaga mafuta zaidi. Haikuzimika. Akatazama ile taa kama mtu anayemtazama mtoto wake akiwa na wezi.

Mtu atasema: si angekwenda tu? Batri nzima ingemfikisha Tenke mchana, bila kuwasha taa. Yeye mwenyewe aliwashauri wengi hivyo. Lakini njia ya wakati ule ilikuwa na vizuizi vya majandarme, askari wa Katanga, na katika kila kizuizi amri ilikuwa moja: zima motere, shuka, mikono juu. Wakimaliza kukukagua unawasha upya, na kuwasha ndiko kunakokula gunia kuliko safari nzima. Vizuizi vilikuwa vingi. Kusukuma gari mbele ya vijana wenye bunduki na hofu haikuwa jambo la kujaribu, tena kwa mtu wa kofia nyeupe mwenye matamshi ya mashariki, ambaye kila mlevi alimwita mpelelezi.

Alijaribu hata hivyo. Alitoka alfajiri ile ya kwanza na gunia tu, bila shamba. Karibu na Kambove, kwenye kizuizi cha pili, gari lilikataa kuwaka. Walimpiga kwanza, kisha wakamchunguza, kisha wakamrudisha. Jioni tulimwona anakuja kwa miguu, batri kichwani juu ya kata ya nguo, asidi imemtoboa shati, akitembea taratibu kama mwanamke atokaye kisimani. Gari lililetwa kesho yake, limevutwa na lori la mkaa.

Nikaanza kuona kitu ambacho sikuwahi kukiona: Fundi hajui. Alitoa dinamo, akaipa moto wa batri, ikazunguka yenyewe kama mota. Ina maana ni nzima. Akaifunga, akaigusisha waya kuikumbusha, kwa maana dinamo ikifunguliwa husahau upande wa kupeleka moto. Taa haikuzimika. Akatoa regilatere, kile kisanduku kidogo kinachoipimia dinamo kazi yake, akaenda kukifunga kwenye gari la padre. Kwa padre kilichaji vizuri. Akakirudisha kwake. Taa haikuzimika. Mkanda mzuri, sharbo nzuri, waya zote alizivuta kwa vidole moja moja kama anayesali tasbihi. Kila kitu kilikuwa kizima nje ya gari lile, na ndani yake kilikufa.

"Dinamo muzuri!" nilimsikia akipiga kelele peke yake. "Regilatere muzuri! Batri muzuri! Sasa nani mubaya? Nani?"

Stesheni ilinipa neno lingine: homa haijashuka, mama anamuuliza bwana wake. Nilimpelekea Fundi. Siku iliyofuata simu haikujibu.

Majirani walianza kunong'ona kwamba mama yule amefungwa kwa dawa na watu wa kwao, na gari linajua. Nilicheka. Kisha nikachungulia juu ya majani nikaona Fundi, yule wa gari haina shetani, anafunga hirizi ya ngozi kwenye dinamo kwa uzi mweusi. Sikucheka tena. Nilirudi kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza kilikuwa kigumu.

Georgette akatoka na mwiko mkononi.

"Unakaa?"

"Nifanye nini, mama? Minye sijue dinamo."

"Weye si unajua kusema? Kila siku unamusemea maneno ya bule juu ya ile majani. Leo njo umekosa?"

Nikapita katikati ya yale majani, yakanichana. Fundi alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Nilichukua kibao chake nikakaa. Nikamvutia lile sanduku la sabuni.

"Kaa, Fundi."

"Komi, ondoka. Leo hapana."

"Kaa. Leo minye njo nitasikia, weye utasema."

Alinitazama kwa jicho la kuua. Nilikuwa natania, ndivyo nilivyojua kufanya. Nilitaka tu atoke kwenye udongo. Lakini alikaa. Pengine alikuwa amechoka kiasi cha kutii hata mjinga.

"Ilianza siku gani?"

"Siku ulileta neno."

"Mbele ya ile siku, ilikuwa inachaji?"

"Vizuri kabisa. Mbele ya kuisimamisha."

"Uliisimamisha sababu ya nini?"

"Nilikuwa napaka rangi."

"Na nani aligusa wa mwisho?"

Nikaona midomo yake inasogea, akilirudia swali lile kimya, swali alilowauliza madereva, makarani, wazungu na padre, na ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye.

"Minye," akasema. "Minye niligusa. Nilifungua yote. Nilipaka kila pahali, Komi, hata chini, hata mu kona..."

Akainuka. Akachukua kipande cha msumeno, akafungua regilatere, na nyuma yake pale ilipokaa palikuwa na kijani kizuri, kinene, kinachong'aa. Baadaye alinieleza. Kile kisanduku lazima kiguse chuma tupu cha gari, maana kwa chuma ndiko moto unakorudi. Wenyewe wanaita masi. Kwenye gari la padre kiligusa chuma. Kwenye gari lake kilikaa juu ya rangi kama mtu anayelala juu ya godoro asiguse sakafu. Alikwangua. Kijani kikaruka, kikaja chekundu cha zamani, kisha chuma cheupe. Akafunga. Akawasha. Taa nyekundu ikawaka, ikapepesa, ikazimika.

Hakushangilia. Alipiga bati kwa kiganja kimoja tu, kwa nguvu, kama mtu anayepiga mlango uliofungwa.

Nilikwenda naye. Georgette aliamua hivyo, akanivika koti la kazi lenye vifungo vya reli: mimi mtoto wa hapa, mwenye cheti na Kifaransa cha mapadre, ningesema vizuizini, na yeye angeendesha. Mimi, ambaye safari yangu ndefu ilikuwa stesheni na kurudi. Katika kila kizuizi nilisema mheshimiwa kwa vijana ambao ndevu zilikuwa bado hazijawaota, na jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Zima motere. Shuka. Mikono juu. Wakituachia, Fundi alikanyaga kitufe, na motere ilishika mara moja, kila mara, na kila mara tulitazama wote wawili ile taa ndogo mpaka izimike. Tulipita Kambove, tukapita Fungurume. Gari lilikwenda kama jipya. Lilikuwa linapanda vilima likikohoa.

Tenke tulifika jua likiwa bado lina nguvu. Mwenzangu wa stesheni alisikia gari akatoka, na mke wake nyuma yake, amefunga kitambaa kichwani kama wanavyofunga waliotoka makaburini. Nilikijua kile kitambaa kabla ya kujua kwamba nimekijua.

"Jana," akasema mwenzangu. "Tulimuzika jana."

Fundi alibaki ameshika usukani. Yule mama akaja upande wake, akashika mlango, akamwambia taratibu, labda akidhani atamfariji:

"Alikuwa anasikiliza, baba. Kila gari ilipita tulimuambia, pengine ni ile. Anasema hapana. Tukimuambia inuka, chungulia kwa dirisha, anasema hapana lazima kuona, minye ninajua vile inakohoa."

Fundi alishuka akaenda kuonyeshwa kaburi. Hakuzima motere. Aliniachia mimi ndani, na gari la kijani linanguruma, na taa nyekundu imezimika vizuri. Nililia nikiwa nimekaa, kama nifanyavyo mambo yangu yote.

Baada ya pale hakugusa tena gari la mtu. Watu walikuja, aliwasikiliza mpaka mwisho, akawauliza lile swali, akawaelekeza kwa kidole pa kutazama, na hakukosea. Lakini boneti walifunga wenyewe. Kiganja hakikuwekwa. Walitoka pale gari limepona na mabega yamebaki juu.

Miaka ilipita. Kujitenga kulikwisha, mji ukapata majina mengine, treni zilirudi, nami nikapandishwa cheo kwa sababu ya kukaa sana. Majani kati yetu yalikuwa marefu kuliko mtu. Alasiri moja nilisikia upande wa pili sauti ya kukwaruza, krr, krr, isiyoisha. Iliendelea kesho yake na kesho kutwa. Siku ya nne nilibeba kiti changu, kichwani, nikapita nacho katikati ya majani.

Kamioneti ilikuwa juu ya matofali, magurudumu yameondoka. Fundi, mzee kabisa sasa, kofia ileile, alikuwa amepiga magoti kando ya mlango na kipande cha msumeno. Alikuwa anakwangua kijani. Si kwa hasira. Kwa uangalifu, kama mtu anayemenya yai. Nusu ya gari ilikuwa imeshakuwa nyekundu ya zamani, ile iliyopauka.

"Komi," alisema bila kugeuka. "Kiti imevunjika?"

"Hapana. Imekuja kutembea."

Nikakaa. Akanipa kipande kingine cha msumeno.

"Pole pole. Usifike ku chuma. Ukikuta nyekundu, simama."

Tulikwangua. Niliharibu pahali pawili akanitukana kwa lugha zote tatu, nikafurahi kuzisikia. Vumbi la kijani lilitujaa kwenye mikono na ndevu. Jua lilipokuwa linaelekea upande wa Shituru, palibaki kipande kidogo juu ya boneti, ukubwa wa sahani. Akanyoosha msumeno, kisha mkono ukasimama hewani. Haukushuka.

Nikainuka. Nikakikwangua mimi kile kipande, taratibu, mpaka nyekundu ikatoka yote. Nikafuta kiganja kwenye suruali, nikakiweka juu ya bati. Lilikuwa na moto wa jua.

"Fundi," nikasema, "sasa ni minye niligusa wa mwisho."

Aligeuka akanitazama. Akatazama kiganja changu laini cha ofisini, kimejaa malengelenge.

"Kikiharibika?"

"Mulete kwangu."

"Kwako weye? Weye hata musumari haukujua."

"Kwangu, Fundi. Niko hapa hapa. Minye siendaka pahali."

Alicheka kidogo, kikohozi zaidi kuliko kicheko. Mabega yake yakashuka. Halafu akashika ukingo wa kiti changu, akajiinua, akaenda kuchukua maji ya kutawadha.